Ulaini Una Kazi: Hotuba Kuhusu Muziki wa Watu Wazima

Ndugu watunzi, waimbaji, mafundi wa studio na watangazaji wa redio,

Muziki tunaouzungumzia leo ulipatikana kwa kutoa. Tarehe 17 Julai 1961 jarida la Billboard la Marekani lilianzisha chati mpya ya nyimbo 20 likaiita Easy Listening, yaani nyimbo za kusikiliza bila taabu. Kuipanga kulikuwa rahisi: walichukua chati kuu ya nyimbo 100, wakaondoa zile za rokenroli, wakazipa namba mpya zilizobaki. Wa kwanza kukaa kileleni ulikuwa "The Boll Weevil Song" wake Brook Benton. Kwa miaka kadhaa muziki huu ulitambulika kwa kile usichokuwa nacho, na hata jina lilisumbua. Mwaka 1962 chati ikaitwa Middle-Road Singles, 1964 ikawa Pop-Standard Singles, 1965 ikarudia jina la zamani na kuanza kuhesabiwa kivyake badala ya kuchujwa kutoka chati kuu. Jina la Adult Contemporary, yaani muziki wa kisasa wa watu wazima, lilifika tarehe 7 Aprili 1979. Mimi nitauita muziki laini wa watu wazima.

Kuna tarehe nyingine ambayo husahaulika. Siku 46 kabla ya chati ile, tarehe 1 Juni 1961, vituo vya FM vya Marekani vilianza kurusha matangazo kwa stereo. Wengi huyasimulia mambo haya mawili kila moja na kitabu chake, na hapo ndipo wanapokosa kuuelewa muziki huu. Redio nyingi za AM zilikuwa zikikata sauti ikipita Hz 5,000 hivi, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde. FM hufika Hz 15,000. Sasa fikirini s, f, sh, ch na pumzi ya mwimbaji vinakaa wapi: kwa sehemu kubwa ni juu ya Hz 4,000. Kwenye AM anayeimba kwa kunong'ona anapoteza konsonanti zake, na maneno yanageuka uji. Inabidi apaze. FM ilipoenea katika miaka ya 1960 na 1970, mnong'ono ukapata njia ya kusafiria.

Mbegu ilikuwepo tangu 1925, kampuni za santuri zilipoanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Kabla ya hapo mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe la chuma, na mwenye mapafu makubwa ndiye aliyeshinda. Maikrofoni ikawaruhusu watu kama Bing Crosby kuimba kana kwamba wanazungumza na mtu mmoja aliyekaa jirani. Ukaribu ule ndio moyo wa muziki huu. Violini, piano na mwangwi ni mapambo ya nyumba. Mwenye nyumba ni sauti iliyo karibu na sikio.

Anayetaka kuusikia ukaribu huo ukiwa umekamilika arudi mwaka 1970, kwenye "(They Long to Be) Close to You", wimbo wa Burt Bacharach na Hal David ulioimbwa na The Carpenters. Karen Carpenter alikuwa na sauti nzito ya alto, na alishuka kwenye nota za chini ambazo waimbaji wengi wa kike huzikwepa. Kwaya inayosikika nyuma yake ni yeye mwenyewe na kaka yake Richard, sauti zao zikiwa zimerekodiwa mara nyingi na kupangwa tabaka juu ya tabaka. Hakuna anayepiga kelele popote katika wimbo ule. Sauti ya mbele ni moja, kavu, na kila silabi inashikika.

Historia hii husimuliwa nusu mara nyingi. Mkondo wa pili ulianza 1976 kwenye WHUR, kituo cha redio cha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ambako Melvin Lindsey alianza kupiga nyimbo za soul za taratibu usiku. Kipindi kilichukua jina la Quiet Storm kutoka kwenye albamu ya Smokey Robinson ya 1975, na vituo vingi vikaiga. Luther Vandross, Sade, na Anita Baker wa albamu ya Rapture ya 1986 walipata makao hapo. Ukiutazama muziki laini bila mkondo huu utadhani ni muziki wa violini na tabasamu tu. Mikondo ilikutana waziwazi mwaka 1980: Lionel Richie, aliyekuwa kwenye bendi ya soul na fanki, aliandika na kutayarisha "Lady" kwa ajili ya Kenny Rogers, mwimbaji wa kantri, na wimbo ukapanda kileleni pa chati ya kantri, chati kuu na chati ya watu wazima.

Miaka ya 1980 ilileta kinanda cha Yamaha DX7, kilichotoka 1983. Kabla yake ulaini ulitoka kwenye piano ya umeme ya Rhodes, ambamo nyundo hugonga vijiti vya chuma na sumaku zikanasa mtetemo. DX7 ilitoa sauti inayofanana na hiyo lakini yenye kengele juu, safi kama kioo, na kwa miaka kadhaa balada nyingi zilisikika kana kwamba zimetoka chumba kimoja. Binafsi naona tulipoteza kitu pale. Rhodes ikipigwa kwa nguvu huguna; ina hasira kidogo ndani yake, na hasira hiyo humpa mwimbaji mtu wa kubishana naye. Kisha miaka ya 1990 ikawa ya sauti kubwa: Whitney Houston, Mariah Carey, Celine Dion. Mwaka 1996 Billboard ilianzisha chati ya pili ya watu wazima, kwa vituo vilivyotaka mapigo ya haraka zaidi na magitaa. Mwaka 2002 Norah Jones akarudisha utulivu, na 2011 Adele akatikisa dunia kwa piano na sauti peke yake katika "Someone Like You".

Mtaona kwamba "wa kisasa" katika jina lile ni neno linalotembea. Gitaa la umeme lililofukuzwa kwenye chati mwaka 1961 liliingia mlango wa mbele miaka 15 baadaye. Muziki huu hupokea kila kilichokuwa ukorofi wa vijana, mara vijana hao wanapopata watoto.

Sasa tuingie kazini, maana ulaini una ufundi wake na makosa yake.

Anza na kodi, yaani nota zinazopigwa pamoja. Waliopita kwenye kwaya wanajua kwamba so-ti-re humvuta msikilizaji arudi do. Ti ndiyo inayosukuma, kwa sababu iko nusu toni tu chini ya do. Watunzi wa muziki laini huiondoa ti. Wanapiga fa-la-do mkono wa kulia huku besi ikishika so. Mvuto wa kurudi nyumbani unabaki kwa sababu ya besi, lakini sindano haipo. Ukishasikia kodi hii utaikuta kila mahali, hasa mwishoni mwa ubeti kabla ya kiitikio. Kodi ya nyumbani nayo hulainishwa kwa kuongeza nota moja: do-mi-so-ti, au do-mi-so-re. Kosa la kawaida ni kulainisha kila kodi. Kama hakuna hata sehemu moja yenye sindano, wimbo hauna pa kwenda. Acha so-ti-re kamili angalau mara moja, kabla ya kiitikio cha mwisho.

Kuna kupandisha ufunguo, yaani kuuhamisha wimbo mzima hadi nota za juu zaidi. Katika "I Will Always Love You" ya 1992, Whitney Houston anaanza bila ala hata moja katika ufunguo wa A, na baadaye, baada ya kimya na pigo moja la dramu, anapaa hadi B: toni nzima. Katika "My Heart Will Go On" ya 1997 wimbo unaruka kutoka E hadi A-flat, yaani nusu toni nne kwa mkupuo. Vyote viwili vinafanya kazi kwa sababu kuna kitu kilichopunguzwa kabla ya kupanda. Kupandisha bila kushusha kwanza ni sawa na kupiga hatua juu ya ngazi isiyokuwepo. Punguza dramu, ondoa besi, acha pumzi ya mapigo mawili, ndipo upande. Na kabla ya yote, pima sauti ya mwimbaji. Kama nota ya juu kabisa ya kiitikio cha kwanza ndiyo mwisho wa uwezo wake, ukipandisha toni nzima atapiga yowe au atakwepa. Chagua ufunguo wa kuanzia ambao nota hiyo ya juu iko nusu toni tatu chini ya dari yake: mbili za kupanda, moja ya usalama. Watu hufanya kinyume. Wanachagua ufunguo kwa ajili ya ubeti wa kwanza kwa sababu ndio wanaoufanyia mazoezi siku ya kwanza.

Mpangilio wa ala unafuata kanuni moja: kila sehemu mpya ilete kitu kimoja kipya, na kimoja tu. Ubeti wa kwanza piano na sauti. Nusu ya pili ya ubeti, besi. Kiitikio cha kwanza, dramu, lakini fimbo igonge ukingo wa ngoma ya snea badala ya ngozi. Ubeti wa pili, violini au kinanda cha chini chenye nota ndefu. Ngozi ya snea isubiri kiitikio cha pili. Ukimaliza akiba yako kwenye kiitikio cha kwanza, dakika mbili zilizobaki hazina habari. Kwa mwendo wa mapigo 66 hadi 76 kwa dakika, utangulizi usizidi sekunde 15 na kiitikio kifike kabla ya dakika moja kuisha, la sivyo ubeti ni mrefu mno. Kata mistari miwili.

Sauti yenyewe irekodiwe kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, kichujio cha pumzi kikiwa katikati. Ukisogea karibu zaidi, maikrofoni inayosikiliza upande mmoja huongeza besi chini ya Hz 200 hivi, na sauti inakuwa nene kama iliyofunikwa blanketi. Unene huo unavutia kwa mistari miwili, kisha unachosha. Kata kila kilicho chini ya Hz 80, punguza desibeli mbili au tatu kati ya Hz 200 na 400 kama kuna tope. Kompresa, yaani kifaa kinachoshusha sauti inapozidi kiwango, tumia mbili nyepesi kuliko moja nzito: ya kwanza ya haraka, uwiano wa 4 kwa 1, inyakue vilele tu, desibeli mbili au tatu, ya pili ya polepole, 2 kwa 1, isawazishe mistari. Kompresa moja ikibanwa desibeli 10 itainua kila pumzi hadi iwe kubwa sawa na neno, na msikilizaji atahisi mwimbaji anahema sikioni mwake. Kisha mwangwi. Kosa kubwa kuliko yote katika muziki huu ni kudhani mwangwi mwingi ndio ulaini. Mwangwi ukianza papo hapo na sauti, mwimbaji anarudishwa nyuma ya ukumbi na ukaribu wote unakufa. Uchelewesheni milisekunde 40 hadi 80. Neno litafika kwanza, kavu na karibu. Ukumbi utafuata nyuma yake. Piano nayo ipunguzwe desibeli mbili kati ya Hz 2,000 na 4,000, maana hapo ndipo maneno ya mwimbaji yanapopata uwazi wake, na piano haina maneno ya kusema.

Kwa wanaotunga kwa Kiswahili, lugha yetu inatupa zawadi na masharti. Zawadi ni kwamba maneno yetu huishia kwenye irabu, hivyo nota ndefu haigongi ukuta wa konsonanti. Sharti ni mkazo: uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la mahadhi lazima liangukie hapo. Katika "nakupenda", nota ndefu ni ya -pe-. Ukiivuta -nda kileleni, neno linapinda na msikilizaji anajua kuna kitu kimekwenda kombo hata asipoweza kukitaja. Kwa nota za juu kabisa tafuta silabi zenye a au o. I na u hubana koo. Tena maneno yetu ni marefu. "Nitakukumbuka" ina silabi sita. Mshairi wa mizani nane kwa kipande ana faida hapa: mizani nane zikigawanywa katika mapigo manane, na silabi zikisogezwa mbele ili mapigo mawili ya mwisho yabaki wazi, mwimbaji anapata pumzi na neno linapata nafasi ya kuingia. Kwa mapigo 72 kwa dakika, kipande hicho kinachukua chini kidogo ya sekunde saba. Wanaojaza mizani 16 mahali pale wanatunga wimbo wa mbio kwa mwendo wa taratibu.

Na maneno yaseme nini? Wimbo wa vijana mara nyingi ni wa kukutana. Wimbo wa watu wazima huanzia baada ya hapo: mwaka wa kumi wa ndoa, msamaha ulioombwa kwa kuchelewa, mtoto anayeondoka nyumbani, mtu uliyemwacha na bado unamtakia heri. Mtunzi anayewaandikia watu wazima maneno ya miaka 17 kwa mwendo wa polepole amepunguza mapigo tu. Hajawafikia.

Ndugu watangazaji, sasa zamu yenu. Redio ya muziki huu hulenga watu wa miaka 25 hadi 54, na msikilizaji wake anafanya jambo jingine anaposikiliza: anaendesha gari, anapika, yuko ofisini. Hataki kushtushwa, na hupenda anachokijua. Ndiyo maana nyimbo hukaa muda mrefu kwenye chati hii. "Because You Loved Me" ya Celine Dion ilikaa kileleni wiki 19 mwaka 1996, na "Drift Away" ya Uncle Kracker ikakaa wiki 28 mwaka 2003. Vituo huingiza nyimbo mpya chache, na huziachia taratibu.

Tuseme saa moja ina nyimbo 12: mbili mpya, mbili za miaka michache iliyopita, nane za zamani. Nyimbo nane kwa saa ni 192 kwa siku. Ukiwa na maktaba ya nyimbo za zamani 384 zinazozunguka kwa zamu, kila wimbo utarudi baada ya saa 48 kamili, yaani saa ileile ya siku. Anayesikiliza asubuhi tu atasikia sehemu ndogo ileile ya maktaba milele, na kila wimbo wa asubuhi atauchoka, wakati nyimbo nzuri zinapigwa saa nane usiku kwa watu waliolala. Kompyuta haitakuonya, kwa sababu kila wimbo umepigwa idadi sawa. Punguza maktaba hadi nyimbo 300: sasa wimbo unarudi baada ya saa 37 na nusu, na kila zamu unaangukia saa tofauti. Hesabu hii ifanyeni kwa kila kundi la nyimbo kabla ya kulaumu ladha za wasikilizaji.

Wasikilizaji hupimwa kwa kupigiwa vipande vya sekunde 7 hadi 10 na kuombwa alama. Ni njia yenye manufaa, lakini inapima kinachojulikana. Wimbo mpya wenye utangulizi wa upole hauwezi kujitetea kwa sekunde nane, hivyo kituo kinachotii vipimo tu hujikuta mwaka hadi mwaka na maktaba inayosinyaa. Upeni wimbo mpya wiki sita hewani, mara tatu au nne kwa siku, kabla ya kumuuliza mtu kama anaupenda.

Mvuto wa nyimbo za zamani una chanzo kinachofahamika. Watu hukumbuka kwa nguvu zaidi mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30 hivi, na muziki wa umri huo hubaki na mizizi ndani yao. Kwa hiyo dirisha la kituo, yaani miaka zinakotoka nyimbo zake, lazima lisogee. Vituo vya Marekani vya muziki wa ala tupu, violini vikipiga nyimbo maarufu bila maneno, vilikuwa na wasikilizaji wengi miaka ya 1970. Wasikilizaji wakazeeka pamoja na maktaba, watangaza biashara wakaondoka, na katika miaka ya 1980 vituo hivyo vikabadilika au vikafungwa. Nyimbo hazikuwa mbaya. Dirisha lilikwama.

Lakini kumbukumbu peke yake haielezi kwa nini kijana wa miaka 19 anaweza kukaa kimya mbele ya Karen Carpenter, aliyefariki 1983. Nadhani ni kwa sababu sauti ile inazungumza na mtu mmoja. Muziki mwingi wa sasa unahutubia umati, nao una raha yake. Huu unakukuta jikoni usiku, ukiwa peke yako, kwa sauti ya chini.

Basi kabla ya kuidhinisha miksi yoyote, yaani mchanganyiko wa mwisho wa sauti na ala, ifanyieni jaribio hili. Washeni spika moja ndogo, si mbili, na si zile kubwa za studio. Shusheni sauti hadi mtu anayezungumza kawaida aweze kuifunika. Tokeni, simameni chumba cha pili mlango ukiwa nusu wazi, na mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo ashike kalamu na kuandika maneno ya ubeti wa kwanza. Akikosa zaidi ya maneno mawili, msiongeze sauti ya mwimbaji. Rudini kwenye piano, kwenye mwangwi, kwenye vile violini mlivyovipenda sana, mpunguze kimoja kimoja hadi maneno yasikike.